Jinsi ya Kutembelea Peñíscola, Mji wa Ngome na Ufuo Mashariki mwa Uhispania

Peñíscola ni mji mdogo wa wakazi takriban 8,000 katika mkoa wa Castellón, yapata kilomita 140 kaskazini mwa Valencia. Mji wake wa kale umekaa juu ya mwamba uliochomoza baharini, ukishikwa na nchi kavu kwa ulimi wa mchanga ambao zamani, bahari ilipochafuka, ulifunikwa na maji na kuufanya mji kuwa kisiwa. Kileleni, mita 64 juu ya usawa wa bahari, ipo ngome iliyojengwa na watawa wapiganaji wa shirika la Templar kati ya 1294 na 1307, na chini yake, upande wa kaskazini, unaanza ufuo wa mchanga laini wenye urefu wa karibu kilomita 5. Wageni wengi hufika na mabasi ya utalii saa nne au saa tano asubuhi, hupanda mlima wakati jua linawaka, hula kwa haraka na kuondoka kabla ya magharibi, na hivyo huuona mji huu katika saa zake mbaya kuliko zote. Mwongozo huu unashauri kulala hapo usiku usiopungua mmoja, ikiwezekana miwili, na kuipanga siku kwa kufuata jua: mwamba asubuhi na jioni, maji mchana, bandari alasiri.

Hatua ya kwanza: chagua majira

Julai na Agosti ndiyo miezi ya likizo ya Wahispania wenyewe, na familia kutoka Madrid, Zaragoza na kwingineko bara huteremka pwani kwa wingi, jambo linalopandisha bei ya vyumba na kujaza ufuo kwa miavuli tangu asubuhi. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30, ambalo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hatalistaajabia, lakini vichochoro vya mji wa kale vina ngazi nyingi na kivuli chake hupungua sana adhuhuri. Asiyefungwa na likizo za shule afikirie nusu ya pili ya Juni au mwezi wa Septemba. Septemba ina faida ya ziada kwamba bahari, ikiwa imepata joto la kiangazi chote, huwa bado na uvuguvugu, ilhali mwezi Mei jua likiwa kali maji bado ni baridi kwa aliyezoea Bahari ya Hindi. Katika Februari maji hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na hapo kuogelea ni kazi ya wachache waliojizoeza.

Septemba pia ndiyo mwezi wa sherehe kubwa ya mji, ya Bikira wa Ermitana, ambayo kilele chake ni tarehe 8. Wachezaji waliovaa mavazi ya kienyeji hucheza ngoma za fimbo, na wengine hupandana mabegani kujenga minara ya watu mbele ya kanisa. Ukitaka kuiona, weka nafasi ya chumba miezi kadhaa mapema.

Tahadhari moja kuhusu vuli: kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Novemba pwani hii hupata mvua za ghafla zenye nguvu ya kuogofya, kwa sababu hewa baridi ya juu hukutana na unyevu unaotoka katika bahari yenye joto. Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 katika mkoa jirani wa Valencia, yalitokana na hali ya aina hiyo. Kila asubuhi ya safari ya vuli tazama maonyo ya AEMET, shirika la hali ya hewa la taifa, na onyo likiwa jekundu usitoke, wala usivuke makorongo hata kama yanaonekana makavu. Nambari ya dharura nchini kote ni 112.

Urefu wa mchana nao uingie katika hesabu. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Msafiri aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako magharibi huingia karibu saa ileile mwaka mzima, hujikuta ana saa kadhaa za mwanga ambazo hakuzipangia kazi, na hizo ndizo saa bora kuliko zote mwambani.

Hatua ya pili: kamilisha nyaraka

Uhispania imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza kabla ya kuondoka, hata akiwa mkazi wa Uingereza, kwa kuwa kibali cha ukazi wa Uingereza hakifungui mpaka wa Schengen. Aliye na kibali halali cha ukazi kutoka nchi ya Schengen yenyewe, kama Ujerumani au Uswidi, haihitaji. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisipelekwe chini ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ya mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni nusu yake. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya kiasi kisichopungua euro 30,000, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu na ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen. Uhispania ina balozi Dar es Salaam na Nairobi. Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa fedha kabla ya viza kutoka. Mpakani, beba nakala za karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi, maana afisa ana haki ya kuziomba upya hata kama ubalozi ulikwisha kuziona.

Hatua ya tatu: fika kwa treni

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja hadi eneo hili. Njia za kawaida ni kupitia Istanbul hadi Valencia au Barcelona, kupitia Doha au Dubai hadi Barcelona, ama kupitia Addis Ababa hadi Madrid. Ukiwa na uchaguzi, tua Valencia, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi kati ya hizo.

Peñíscola haina stesheni yake ndani ya mji. Treni husimama Benicarló, mji jirani ulio umbali wa kilomita 7 hivi, na katika programu ya shirika la reli la Renfe stesheni hiyo huandikwa Benicarló-Peñíscola. Ukitafuta Peñíscola peke yake unaweza kudhani kwamba njia haipo. Treni zipo za aina mbili, za masafa marefu zinazopita kati ya Barcelona na Valencia, ambazo tiketi zake hupanda bei kadiri siku inavyokaribia, na za kimkoa ambazo ni za polepole na nafuu zaidi. Si kila treni ya masafa marefu inayosimama Benicarló, kwa hiyo soma orodha ya vituo kabla ya kulipa. Mjini Valencia angalia pia jina la stesheni ya kuondokea, kwani treni za masafa marefu huondoka Joaquín Sorolla na za kimkoa huondoka Nord, stesheni ya zamani yenye vigae vya rangi, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa miguu wa takriban dakika kumi. Ukifika Benicarló, chukua basi au teksi hadi Peñíscola. Basi hupita mara nyingi wakati wa kiangazi na hupungua sana nje ya msimu.

Gari la kukodi lina manufaa kwa anayetaka kuzunguka vijiji vya milimani. Kwa mji wenyewe ni mzigo tu, kwani vichochoro vya ndani ya kuta haviingiliki na maegesho ya chini hujaa.

Hatua ya nne: chagua pa kulala

Uchaguzi ni kati ya ndani ya kuta na kando ya ufuo. Ndani kuna nyumba ndogo za wageni, na usiku wageni wa mchana wakishaondoka mji hutulia kiasi cha kusikia mawimbi yakigonga mwamba. Gharama yake ni kubeba sanduku kwenye ngazi za mawe, jambo lisilowafaa wazee wala wenye watoto wa kubebwa. Hoteli kubwa zimejipanga kando ya Avenida del Papa Luna, barabara inayofuata ufuo wa kaskazini kilomita baada ya kilomita kuelekea Benicarló. Tangazo linaloandika “Peñíscola, ufuoni” linaweza kumaanisha dakika tano kutoka langoni au mwendo wa saa nzima, basi pima umbali kwenye ramani mpaka kwenye ngome kabla ya kulipa, na usivuke kilomita 1 kama huna gari. Hoteli yoyote itaomba pasipoti ili iandikishe mgeni, kama sheria inavyotaka.

Hatua ya tano: panda mwambani

Panda asubuhi mapema, kabla mabasi hayajafika, na uingie kupitia Portal Fosc, lango lenye mwaka 1578 na nembo ya Mfalme Philip II. Simama hapo kidogo uzitazame kuta zilivyokunjwa kwa pembe kali ili mizinga ifyatuliwe kutoka upande mmoja kulinda upande mwingine. Zilichorwa na mhandisi Mwitalia Giovanni Battista Antonelli kwa amri ya mfalme huyo, wakati bahari hii ilipokuwa ikiogopwa kwa maharamia wa Afrika Kaskazini na merikebu za Waturuki. Mwaka 1580 Philip alitwaa pia kiti cha Ureno, na ni katika utawala wake kwamba Wareno walijenga Fort Jesus mjini Mombasa, kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati. Aliyewahi kuzunguka ngome ya Mombasa atazitambua pembe hizi bila kuelezwa: ni elimu ileile ya vita, na taji lilelile la mfalme juu yake.

Kutoka langoni fuata vichochoro vya nyumba zilizopakwa chokaa, ukipanda. Kiingilio cha ngome ni euro chache, na tiketi hiyo hukuingiza pia katika bustani ya mizinga iliyo chini ya kuta. Majira ya joto ngome huwa wazi hadi jioni kabisa, ilhali majira ya baridi hufungwa mapema. Tazama saa za siku hiyo katika tovuti ya mji, kwa kuwa hubadilika kwa misimu na sikukuu.

Ndani usitarajie samani wala mazulia. Ni jengo la mawe matupu, na uzuri wake uko katika unene wa kuta na usahihi wa matao. Ukumbi wa walinzi, banda la farasi na birika la kuhifadhia maji viko chini. Juu kuna uwanja, kanisa lenye paa la tao refu lisilo na nguzo, na vyumba vinavyotazama bahari. Kabla ya Templar palikuwa na boma la Waislamu, walioutawala mji huu tangu karne ya 8. Mfalme Jaime I wa Aragon aliuzingira mwaka 1225 akashindwa, kisha mwaka 1233 mji ukasalimu amri kwa mapatano. Templar wenyewe hawakufaidi kazi yao, kwani shirika lao lilivunjwa mwaka 1312.

Aliyeipa ngome jina lake, ngome ya Papa Luna, ni mzee mmoja asiyekubali kushindwa. Pedro de Luna, mzaliwa wa Aragon, alichaguliwa mwaka 1394 mjini Avignon kuwa Papa Benedikto XIII, katika enzi ya mfarakano ambapo kulikuwa na Papa mwingine Roma na baadaye hata wa tatu. Wafalme walipoanza kumwacha alihamia Peñíscola mwaka 1411 na kuifanya ngome hii kuwa makao yake, yenye maktaba kubwa na makadinali wachache. Mtaguso wa Konstanz, mkutano mkuu wa kanisa, ulimwondoa madarakani mwaka 1417. Yeye hakuutambua, akaendelea kujiita Papa juu ya mwamba huu hadi kufa kwake mwaka 1423, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Asidhaniwe kuwa alikuwa kichekesho. Hati za Kipapa zilizokiidhinisha Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti zilitolewa hapa tarehe 28 Agosti 1413, na chuo hicho kinafundisha hadi leo. Ingia katika chumba kinachodhaniwa kuwa cha kusomea kwake, utazame dirishani, na utafahamu kwa nini alijiona salama: upande huo hakuna kitu ila genge la mwamba na maji.

Ukishuka, pitia Portal de Sant Pere, lango aliloliamuru mwaka 1414, wakati mawimbi yalipofika mlangoni na mashua zikafungwa hapo. Juu yake pana mwezi mwandamo uliopinduliwa. Mgeni Mwislamu asiuchukulie kuwa baki la enzi ya Waislamu, kwani ni nembo ya ukoo wa Luna. Karibu na mnara wa taa kuna nyumba iliyofunikwa kombe ukuta mzima, ambayo hupigwa picha kupita kiasi, na si mbali na hapo pana Bufador, tundu la asili katika mwamba ambamo bahari ikichafuka hupuliza hewa na maji kwa mngurumo. Siku ya shwari hutasikia lolote.

Rudi tena juu ya kuta jioni. Sihesabu kuwa mtu ameiona Peñíscola kama hakutembea juu ya kuta saa moja kabla ya jua kuzama, mawe yakigeuka rangi ya asali.

Hatua ya sita: ingia majini

Ufuo wa kaskazini ni mpana, una mchanga laini, na maji yake hushuka kina polepole, jambo linalowafaa watoto. Ufuo wa kusini, ng’ambo ya bandari, ni mdogo.

Anayetoka pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kusahau hesabu ya bamvua. Maji ya Mediterania hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa bahari hii karibu imefungwa pande zote na mlango wake wa Gibraltar ni mwembamba. Ufuo wa saa mbili asubuhi ni uleule wa saa kumi jioni, na hakuna miamba inayojitokeza ukaenda kuokota pweza. Badala ya mwezi, tazama upepo. Upepo wa mashariki, ambao wenyeji huuita levante, huleta mawimbi yanayovuta kwa nguvu hata chini ya anga safi. Bendera ya kijani inaruhusu kuogelea, ya manjano inataka hadhari, na nyekundu inakataza. Katika kiangazi viwavi bahari huweza kuletwa na mkondo. Ukichomwa, safisha mahali hapo kwa maji ya chumvi, si ya bomba, na umwone mlinzi wa ufuo. Mafuta ya kujikinga na jua yanahitajika kwa ngozi ya kila rangi, hasa pale upepo unapomfanya mtu asihisi kuungua.

Hatua ya saba: nenda bandarini, kisha mezani

Siku za kazi, mashua za uvuvi hurejea alasiri, karibu saa kumi na nusu, zikifuatwa na kundi la shakwe. Kreti za samaki huteremshwa na kupelekwa moja kwa moja mnadani. Simama pembeni, usizibe njia ya vikokoteni, na utaona kile utakachokikuta mezani usiku.

Hapa chakula cha mchana huliwa kati ya saa nane na saa kumi, na cha usiku huanza saa tatu. Nje ya saa hizo jiko hufungwa na utabaki na vitafunio. Siku za kazi uliza menú del día, mlo wa mchana wa bei moja wenye vyakula viwili na kitindamlo, ambao aghalabu ndio unaolipa zaidi. Vyakula vya kuonja ni fideuà, yaani tambi fupi zilizopikwa kama wali katika supu ya samaki. Wali mweusi unaotiwa wino wa ngisi. Na all i pebre de rap, mchuzi wa kitunguu saumu na pilipili nyekundu isiyowasha, wenye vipande vya samaki wa kina kirefu mwenye kichwa kikubwa kuliko mwili. Wali huagizwa kwa watu wawili au zaidi. Majira ya baridi tafuta mboga ziitwazo atichoki za Benicarló, ambazo jina lao linalindwa kisheria.

Asiyekula nguruwe au asiyetumia kileo asiridhike kwa kuwa ameagiza samaki, maana supu nyingine hutiwa divai na mboga nyingine hupikwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mwambie mhudumu kabla ya kuagiza: “sin cerdo, sin vino, por favor”. Bakshishi si lazima.

Hatua ya nane: ukiwa na siku ya pili, tembea Irta

Kusini mwa mji huanza Serra d’Irta, hifadhi ya asili tangu 2002, ambako pwani imebaki bila hoteli. Njia ya vumbi hufuata magenge hadi Torre Badum, mnara wa ulinzi uliosimama karibu mita 100 juu ya maji, ambao walinzi wake waliwasha moto kuutahadharisha mji pindi tanga la adui lilipoonekana. Mbele yake kuna vifuo vya Russo na Pebret. Njiani hakuna duka, maji wala kivuli cha kutosha: anza alfajiri, beba lita 2 za maji kwa kila mtu, vaa viatu vya kufunga, na usiwashe moto wala kutupa kichungi cha sigara, kwa kuwa misonobari na vichaka vya hapa hushika moto kwa urahisi mno.

Siku ya kuondoka, panda basi la kwenda Benicarló angalau saa moja na nusu kabla ya treni yako, na siku ya Jumapili nje ya msimu agiza teksi tangu usiku uliotangulia.